Kikombe Kimoja cha Chai kwa Kila Blanketi

Wako watu wazima, wenye akili zao timamu, waliofikia kupata wajukuu bila kujua kwamba farasi huvaa blanketi. Ukiwaambia, wanacheka, wanadhani unawatania. Lakini farasi anayeshinda nje kwenye mvua na upepo huvishwa, tena kwa mikanda miwili tumboni na vifungo vya chuma kifuani. Na mtu aliyekuwa akiyashughulikia mavazi hayo, katika uchochoro mmoja nyuma ya nyumba ya mwokaji mikate, alikuwa mama mmoja mnene, mtaratibu, wa miaka sitini na ushei, ambaye kila mtu alimwita Mama Matone.

Jina hilo alilipata kwa kuyatazama matone. Blanketi la farasi si kama la kitandani. Juu lina turubai, ndani lina kitambaa laini, na turubai hilo hupakwa dawa ya kuzuia maji. Dawa ikiwa nzima, tone la mvua likianguka husimama juu ya turubai kama ushanga, kisha hubingirika likaenda zake. Dawa ikichoka, tone hulala, likatanuka, likanywewa. Mama Matone alikuwa akichovya vidole kwenye maji, akayarusha juu ya blanketi, akainama na kufumba jicho moja, halafu akasema hili bado lina mwaka mmoja, au hili limeshakufa, na watu wakalichukua neno lake kama lilivyo.

Na dawa huchoka tu, haina ubishi. Farasi hugaagaa kwenye matope, hujikuna kwenye nguzo, hutoka jasho, na wengine wana tabia ya kutafunana mabegani kwa mapenzi. Blanketi linalopitisha maji ni afadhali lisingekuwapo. Hulowa, likawa zito, likamlalia mnyama mgongoni kutwa nzima, kama mtu aliyevishwa koti la maji baridi akafungwa vifungo na asiwe na mikono ya kulivua. Ndiyo maana kila mwaka, kiangazi kikishashika, mabanda ya farasi yaliyokuwa ng'ambo ya reli yalimletea mablanketi yao yote, thelathini na manne, ayafue na kuyarudishia nguvu kabla ya mvua.

Kazi yenyewe aliianza marehemu mumewe, aliyekuwa mshona matandiko. Alipofariki, watu walidhani mjane atauza brashi na makopo akakae kwa watoto. Yeye alikaa matanga, akamaliza eda, akatoka uani akafungua bomba la maji. Huo ulikuwa mwaka wa kwanza. Sasa ulikuwa wa tisa.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na ua wa saruji wenye mteremko kidogo kuelekea kwenye mfereji. Uani palikuwa na karo ndefu ya kufulia, nyaya sita za kuanikia zilizofungwa juu sana ili mikanda isiburute, na meza moja isiyo na uso. Miguu minne na mbao za pembeni, basi, katikati patupu. Mgeni akiiona alidhani imevunjika. Mumewe ndiye aliyeung'oa uso ule makusudi, na nitakuja kusema kwa nini.

Alifanya kazi kwa mpango usiobadilika. Tope kwanza likauke kabisa, ndipo lisuguliwe kwa brashi ngumu, maana tope bichi ukilisugua unalizamisha ndani. Kisha maji ya baridi. Ya moto huua dawa iliyobaki. Sabuni ya mche isiyo na manukato, iliyokwanguliwa kwa kisu, kidogo. Kisha kusuuza, na hapo ndipo penye kazi. Sabuni ikibaki ndani ya turubai hufanya kinyume cha dawa, huyaita maji yaingie. Kwa hiyo alisuuza mara sita, mara saba, na kila mara alikamua ukingo wa blanketi juu ya mfereji na kutazama kama povu linashuka. Likiisha kukauka, alishona palipochanika, akapaka nta kwenye mishono, akapaka dawa kwa brashi pana, mkono wa kwanza na wa pili.

Mwisho kabisa ndiyo ikaja ile meza. Blanketi lilitandazwa juu ya mbao zake, likabonyea katikati kama bakuli. Chini yake aliweka kigoda, na juu ya kigoda ukurasa wa gazeti mkavu uliogusana na tumbo la blanketi. Akamimina jagi zima la maji kwenye lile bonde. Halafu akaketi, akanywa chai. Kikombe kikiisha, alivuta gazeti. Likiwa kavu, blanketi limefaulu, na alishona uzi mwekundu kwenye pembe yake. Likiwa na doa hata la ukubwa wa punje ya dengu, limeanguka, linarudi kwenye brashi.

Habari ya chai nayo ilitoka kwa mumewe. Mzee hakuwa na saa, na alisema mtu akikaa kungoja mikono mitupu atainuka kabla ya wakati. Kikombe kimoja kwa kila blanketi. Miaka yote ile hakuna aliyekipima wala kukihoji kipimo hicho, na hakuna blanketi lililowahi kurudishwa.

Mwaka huu ninaousimulia, Mama Matone alikuwa na mwenzake nyumbani. Mdogo wake, wa baba mmoja mama mmoja, alikuwa amehamia kwake baada ya kiwanda cha biskuti alichokifanyia kazi miaka kumi na sita kufungwa. Mwembamba, mwepesi, mtu wa kufanya mambo matatu kwa mpigo. Alifagia kama anayefukuza nyoka. Akipika, sufuria zinagongana. Dada yake alikuwa akimwambia, mwenzangu, hakuna anayetufukuza. Naye hujibu kwamba akikaa taratibu mifupa yake inashika kutu. Lakini walipendana, na kazi ilikwenda.

Yakiwa yamebaki mablanketi kumi na moja, ikaja simu kwamba binti yake Mama Matone, aliyeolewa mbali, amejifungua wiki tatu kabla ya siku zake. Mtoto wa kwanza, tena mdogo kama mkate wa nusu. Hapakuwa na la kufikiri. Alifunga nguo zake, akamketisha mdogo wake juu ya karo na kumpa maagizo yote kuanzia tope hadi uzi. Alimaliza hivi:

"Na kila blanketi kikombe kimoja cha chai. Usiruke hata moja, hata kama umechoka."

"Dada, hata kama chai itanitokea masikioni."

Na hakuruka. Hilo tuliweke wazi mapema, kwa sababu baadaye lilikuja kuwa na uzito. Aliyafua yote kumi na moja, akayapaka, akayapima kila moja kwa kikombe chake, na kwa kuwa uzi mwekundu ulikuwa umekwisha, akayashonea wa buluu. Mama Matone aliporudi baada ya wiki mbili, akiwa na picha za mjukuu kwenye simu, alikuta mzigo mzima umekunjwa, mikanda imefungwa vizuri kama zawadi. Alirusha matone mawili matatu, akayaona yakisimama kama ushanga, akaridhika.

Aliyekuja kuyachukua alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, ambaye ndiye saisi mkuu pale mabandani, yaani mkubwa wa wote wanaowalisha na kuwasugua farasi. Kati yake na Mama Matone utani ulikuwa haukatiki. Kila alipokuja alimuuliza shemeji yake ni lini atamfulia na yeye, maana naye siku hizi anavuja. Mama Matone alimjibu kwamba turubai lake limeoza, halishiki tena dawa. Walicheka, wakapakia. Lakini siku hiyo saisi alimwambia na jambo lisilo la mzaha. Mabandani kulikuwa na Msimamizi mpya, kijana wa adabu, mwenye viatu vya mpira visivyoshika tope na kidaftari mfukoni. Msimamizi huyo alikuwa amesikia kwamba katika mji mkubwa kuna kiwanda cha kufulia, mablanketi yote yanaingia kwenye mashine asubuhi, jioni yametoka. Saisi alikuwa amemtetea Mama Matone. Amesema shemeji yangu ana miaka tisa hajarudishiwa hata moja.

"Basi tunangoja mvua," alisema Mama Matone.

Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo. Siku ya tatu, Jumanne asubuhi, saisi alibisha mlango akaingia bila kuuliza habari ya kufuliwa. Kofia mkononi. Mama Matone alijua kabla hajasikia.

"Shemeji, farasi watano wamelowa migongo," alisema. "Bibi Harusi ndiye aliyelowa kuliko wote. Anatetemeka tangu alfajiri."

Bibi Harusi alikuwa farasi jike mweupe, mzee kuliko wote pale, aliyeitwa hivyo kwa rangi yake na kwa mwendo wake wa kutoharakia popote. Kifua chake kilikuwa kibovu. Saisi aliendelea kusema, akitazama sakafu, kwamba Msimamizi ametia mkono wake mwenyewe chini ya mablanketi, moja baada ya jingine. Amesema mwisho wa wiki yote thelathini na manne yapelekwe mjini kwenye mashine, na mwakani yasipite tena huku.

Hapakuwa na kazi nyingine katika nyumba ile. Mablanketi yale ndiyo yaliyokuwa yakiwalisha wote wawili, na unga ulikuwa umeshainamishwa, bado kumwagika tu. Lakini kilichomwinua Mama Matone kwenye kiti hakikuwa hicho kwanza. Alikuwa akiuona mgongo wa yule mzee mweupe. Alijitupia kanga begani akafuatana na shemeji yake.

Alimkuta Bibi Harusi bandani, watu wawili wanamsugua kwa magunia makavu, mvuke unamtoka. Alimshika mgongo. Kisha akalikunjua blanketi lililovuliwa, akatafuta pembe. Uzi wa buluu. Akakagua na yale mengine manne. Buluu, buluu, buluu, buluu.

Msimamizi alimsalimu vizuri tu, akamwamkia kama mzazi wake, na hilo lilimuumiza zaidi kuliko angetukanwa. Alimuuliza kosa lilikuwa nini.

"Sijalijua," alisema Mama Matone. "Nikilijua nitakuja kukuambia. Nipe hayo kumi na moja yenye uzi wa buluu, mpaka Jumamosi adhuhuri."

Angeweza kusema kwamba yeye hakuwapo, kwamba alikwenda kumtunza binti yake aliyejifungua, na hakuna mtu ambaye asingemwelewa. Saisi alimtazama akingoja aseme. Hakusema. Msimamizi alifikiri kidogo, akaandika kwenye kidaftari chake. Jumamosi ayalete. Farasi watatolewa nje wakiwa wamevishwa, kwa kuwa mvua ilikuwa imeshashika na ingenyesha tu, na Jumapili asubuhi yeye Msimamizi angetia mkono chini ya kila blanketi. Likipatikana moja lililolowa, yote yanakwenda mjini. Mpaka hapo, farasi hao wangekaa ndani.

Nyumbani, mdogo wake aliposikia, alikaa chini palepale mlangoni. Mama Matone hakumgombeza. Alimuuliza moja moja, kama daktari. Sabuni ipi? Ileile ya mche. Maji? Ya baridi. Alisuuza? Alisuuza mpaka maji ya karo yakawa meupe pee. Mikono mingapi ya dawa? Miwili, kopo lenyewe lilionyesha. Kipimo?

"Vikombe kumi na kimoja, Dada. Naapa. Siku moja nilikunywa sita, tumbo likawa ngoma."

Mama Matone aliguna. Kisha akachukua blanketi moja kati ya yale yaliyopitisha maji, lililokuwa limeshaanza kukauka, akalitandaza juu ya ile meza. Kigoda, gazeti, jagi la maji. Akaweka birika jikoni, na chai ilipoiva akamimina vikombe viwili, wakaketi kwenye benchi chini ya bati, mvua ikigonga juu yao.

Mama Matone tangu utoto aliogopa kitu cha moto. Chai yake ilikuwa na safari ndefu. Alikiweka kikombe chini kwanza. Alikunja kitambaa cha mkono, akakipangusa kikombe ukingo. Alipuliza, akaonja kwa ncha ya mdomo, akakirudisha. Akatazama mvua. Alikuwa ndiyo kwanza anapuliza mara ya pili alipomwona mdogo wake ameinuka, kikombe kitupu kimefunikwa juu ya benchi, amekwisha kuvuta gazeti.

"Kavu," alisema mdogo wake, akalionyesha pande zote mbili. "Dada, tazama mwenyewe. Kavu kabisa. Nilikuambia."

Mama Matone alilitazama gazeti. Akatazama kikombe kitupu. Akatazama chake, kilichojaa mpaka juu, kinafuka moshi.

"Lirudishe," alisema. "Ukae."

"Mbona nimeshamaliza?"

"Kaa tu, mwenzangu. Mimi sijamaliza."

Wakakaa. Chai ya Mama Matone ilishuka hadi nusu, na hakuna lililotokea. Ilishuka chini ya nusu, na gazeti likatoa doa la ukubwa wa kifungo cha shati. Likafuata la pili. Kikombe kilipobakiza makapi tu, ukurasa wote ulikuwa umelegea, na tone moja lilikuwa linaning'inia chini ya blanketi, halijaamua.

Mdogo mtu alikuwa amejishika kichwa.

"Kiwandani," alisema baadaye, sauti imemshuka, "kengele ilikuwa inalia mara mbili. Ya kwanza unachukua chai. Ya pili kikombe kiwe kimeshaoshwa. Miaka kumi na sita, Dada. Siijui chai ya namna nyingine."

Mama Matone alianza kucheka. Alijizuia, ikashindikana, mabega yakamtikisika, na mwenzake akamtazama kwa hasira, halafu naye akashikwa. Walicheka mpaka mwokaji mikate akachungulia juu ya ukuta kuuliza kama wamepatwa na jambo jema. Wakamjibu kwamba wanafukuzwa kazi.

Kicheko kilipokwisha, Mama Matone alifikiri kwa muda mrefu. Hakumwona mdogo wake kuwa na hatia kubwa. Alimpa kipimo kilichokuwa kinywani mwake yeye mwenyewe, akamkabidhi kama vile vinywa vyote ni kimoja. Miaka tisa alidhani anapima kwa kikombe, kumbe anapima kwa woga wake wa chai ya moto. Mumewe naye, sasa alikumbuka, alikuwa na pengo na jino linalouma. Naye alikunywa polepole.

Lakini kipimo hakitoboi blanketi. Huonyesha tu lililotoboka. Aliushika ukingo wa lile blanketi, akaupeleka juu ya mfereji, akaukamua kwa nguvu zake zote. Likashuka povu jembamba, jeupe, kama la maziwa.

"Ulitazama maji ya karo," alisema.

"Yalikuwa meupe pee."

"Karo haisemi. Sabuni inajificha kwenye mishono. Ukiukamua ukingo ndipo inapotoka."

Basi wakaanza upya. Mdogo mtu ndiye aliyesuuza, na alikataa kusaidiwa. Mara nane kila blanketi, na kila mara anakamua, anamwita dada yake aje aone. Vidole vilimkunjamana kama vya mtoto aliyesahauliwa kwenye beseni. Tatizo likawa kukausha, maana mvua haikuwa na habari na shida zao. Walianika vyumbani, juu ya milango, juu ya kabati. Mtu akitaka kwenda chumbani anainama chini ya mikanda. Hayakukauka. Ndipo mwokaji mikate, ambaye ukuta wa tanuri lake ulipakana na ghala lake la unga, alipowaambia walete huko. Ukuta ule ulikuwa na joto la uvuguvugu mchana kutwa. Wakayapanga humo, mablanketi kumi na moja ya farasi na magunia ya unga, na kufikia Alhamisi asubuhi yalikuwa makavu kama karatasi, yananukia mkate. Mkono wa kwanza wa dawa ukapakwa Alhamisi hiyohiyo, na wa pili jioni.

Ijumaa wakaanza kupima. Mdogo mtu alikuwa ameitoa saa ya mezani chumbani akaiweka kwenye dirisha la jikoni, akiitazama kwa siri. Mama Matone alipomaliza kikombe cha kwanza, akaambiwa matokeo. Yeye hutumia dakika ishirini na sita. Mwenzake alijipima akapata nne, tena hiyo ni kwa sababu alijitahidi kukawia.

"Basi andika hapo ukutani," alisema Mama Matone. "Ishirini na sita."

Yakaandikwa kwa makaa, maneno makubwa. Lakini chai haikuondolewa. Alisema saa haitoshi, mtu akikaa mikono mitupu atainuka.

Mablanketi mawili yaliangusha tone kwenye mshono wa mgongoni. Wakayapaka nta tena, yakafaulu Jumamosi asubuhi. La mwisho kupimwa lilikuwa la Bibi Harusi. Lilipita. Kikombe kilikwisha, saa ikasema dakika ishirini na sita, gazeti likatoka kavu. Mdogo mtu alikuwa ameshatia uzi kwenye sindano.

Mama Matone hakusimama. Alipitisha kiganja juu ya turubai, sehemu ya mabegani, pale ambapo farasi mwingine alizoea kumtafuna mwenzake. Akalinyanyua blanketi kuelekea kwenye mwanga. Mwanga ulipenya, si kwa tundu, bali kwa weupe hafifu, kama kupitia jani kavu. Turubai lenyewe lilikuwa limekwisha. Dawa ilikuwa imeshika juu ya kitu ambacho karibu hakipo.

"Uzi usiutie," alisema.

"Dada, limepita. Kumi na moja uliyoahidi ni haya."

"Limepita leo. Wiki ijayo atajikuna mara mbili kwenye nguzo, na mvua itakuwa ndani."

Mdogo wake alimkumbusha maneno ya Msimamizi. Jumapili anatia mkono, baada ya hapo hatii tena. Wiki ijayo ni wiki ijayo. Alisema kwa upole, bila ubaya, kama mtu anayeujua mlango wa kiwanda unavyofungwa. Mama Matone alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akalikunja blanketi lile peke yake na kulifunga kwa kamba, tofauti na mengine.

Adhuhuri ilimkuta mabandani. Msimamizi alihesabu, akapata kumi, akahesabu tena.

"La Bibi Harusi limekufa," alisema Mama Matone, akamwekea mbele yake lile lililofungwa kamba. "Linapita kipimo, lakini nikikupa nitakuwa nakudanganya. Na lile kosa nimelijua."

Akamweleza. Povu lililojificha kwenye mishono, kikombe cha chai, dakika nne na dakika ishirini na sita. Alieleza kwa mpangilio, bila kupunguza, na saisi aliyekuwa amesimama nyuma na ndoo alikuwa akimfanyia ishara za macho kwamba habari ya chai aiache. Hakuiacha. Msimamizi hakucheka. Aliuliza tu mara ya pili, ishirini na ngapi, akaiandika.

Farasi kumi walivishwa na kutolewa nje. Bibi Harusi alibaki bandani na kikapu cha nyasi. Mvua ilianza alasiri ileile, ya upepo, inayokuja kwa ubavu, na haikukatika hadi kulipopambazuka Jumapili.

Mama Matone alikuwapo asubuhi hiyo, na mdogo wake, wote chini ya mwavuli mmoja wenye ubavu uliovunjika. Msimamizi alimwendea farasi wa kwanza, akaingiza mkono chini ya blanketi kutoka begani, akaupitisha mgongoni mpaka kiunoni, akautoa. Akaupangusa kwenye suruali. Akaenda kwa wa pili. Mdogo mtu alikuwa akihesabu kimoyomoyo huku midomo inacheza. Wa tano, wa sita. Kwa wa saba mkono ulikaa sana, kumbe farasi alikuwa amemkanyaga Msimamizi mguu. Wa kumi. Kila mara aliutoa mkono akaupangusa kwenye suruali, kwa mazoea tu, maana hapakuwa na cha kupangusa.

Hakutoa hotuba. Alimgeukia saisi, akamwambia watamtafutia Bibi Harusi blanketi jipya wiki hii.

"Likija lipeleke kwanza kwa mama," alisema. "Mapya nayo huvuja kwenye mishono."

Kisha akamuuliza Mama Matone kama yale mengine ishirini na matatu anataka kuyaona kabla ya masika kuisha, au angoje kiangazi. Mama Matone alisema kiangazi. Msimamizi akaandika, akaenda zake na viatu vyake, ambavyo kwa mara ya kwanza vilikuwa na tope.

Saisi aliwasindikiza mpaka kwenye reli. Walipofika akasimama.

"Shemeji, mmenitia matatani," alisema. "Yananukia mkate. Wale farasi usiku kucha wamejaribu kuyala."

"Wakiyala uyalete. Na wewe je, bado unavuja?"

"Zaidi ya jana."

Blanketi jipya la Bibi Harusi lilifika Alhamisi, gumu, la kijani, limekunjwa na mikunjo yake ya dukani. Mama Matone aliipaka mishono nta, wakalitandaza juu ya meza, wakamimina maji. Siku hiyo alikuwa akizungumza na binti yake kwa simu, mjukuu analia nyuma, kwa hiyo kipimo kilikuwa cha mdogo wake. Alijimiminia chai, akakaa akiitazama saa kwenye dirisha. Akanywa. Akamimina cha pili. Akamimina cha tatu, na hapo akajaribu kukipuliza kama dada yake, akakunja kitambaa, akapangusa ukingo. Cha nne alikishika tu mkononi, anapigapiga mguu chini.

"Dada," aliita, "zimebaki dakika tisa, na mimi nimebanwa."

"Nenda," alijibu Mama Matone kutoka chumbani, mkono juu ya simu. "Lakini gazeti usiliguse."